Albamu ya Waya Mbele ya Wagonjwa wa Meno

Katika zahanati ile ya meno, daktari hakuogopwa hata nusu ya alivyoogopwa Bi Foleni. Daktari aling'oa meno tu. Bi Foleni, mama wa mapokezi, aliweza kukurudisha mwisho wa mstari huku shavu limekuvimba kama mpira. Alikaa nyuma ya kidirisha chake tangu enzi za daktari aliyetangulia, miwani puani, na kutwa nzima neno lake lilikuwa moja: "Sogea huko!"

Mumewe waliyemwita Waya alikuwa fundi wa redio na spika. Redio zilipoadimika, watu walidhani atatulia na kulea wajukuu. Wapi! Alijipatia kompyuta chakavu, akajifungia chumba cha nyuma na kuanza kutunga muziki usio na gitaa, ngoma wala mwimbaji. Alirekodi feni iliyolegea, pasi, bomba la jikoni, akazipitisha sauti hizo kwenye mashine zake, akazivuta, akazikunja, mpaka feni ikalia kama mtu anayedai talaka. Bi Foleni alipopita mlangoni pale aliharakisha, kama apitaye choo chenye mtu.

Asubuhi moja Waya alimwendea jikoni na flashi mkononi.

"Mke wangu mpenzi," alisema, na Bi Foleni akajua kuna shida. "Albamu imekamilika. Nataka maoni ya wasikilizaji. Rafiki zangu wote waongo."

"Wasikilizaji nitawatoa wapi mie?"

"Kazini kwako. Wamejaa pale, wamekaa, na hawana pa kukimbilia."

Basi Bi Foleni alichomeka flashi kwenye televisheni ya chumba cha kusubiria. Kipande cha kwanza kilianza kwa mlio mwembamba, uliopanda, ukapanda, ukakwaruza. Dereva wa lori aliyekaa karibu na mlango alisimama wima.

"Mama, huyo anayechokonolewa huko ndani yu hai kweli?"

"Hachokonolewi mtu. Huo ni muziki."

Dereva alimtazama yeye, akaitazama televisheni, akasema jino limepoa lenyewe, akaenda zake.

Mwalimu mmoja wa kike alisikiliza kipande cha pili macho kafumba, kisha akatamka kwa adabu kwamba kimemkumbusha kikao cha wazazi: wote wanaongea, hakuna anayemaliza. Katika kipande cha tatu alitoka ndani kijana wa benki, midomo imekufa ganzi. Bi Foleni alimwuliza ameuonaje muziki.

"Ni 'yaaa," alijibu, mate yakimchuruzika.

Mpya au mbaya? Bi Foleni alifikiria ndoa yake, akaamua ni mpya.

Kikaja kipande cha nne. Kwanza kimya. Halafu ngurumo nzito ikatoka kama chini ya sakafu, ikapanda taratibu, ikakwama, ikapiga mluzi, ikaishia na "pwa!" ya midomo. Ikaanza tena. Chumba kizima kikachangamka.

"Trekta hilo," alisema mmoja.

"Trekta gani linapiga mluzi? Huyo ni nguruwe mwenye mafua."

Bibi mmoja aliyekuja kupimwa meno ya bandia alicheka, ufizi wote nje. "Hapo sasa! Marehemu mume wangu alijaliwa kukoroma, lakini huyu kamfunika. Huyu bingwa. Hebu ongeza sauti, mwanangu."

Bi Foleni akaongeza, naye akicheka mpaka machozi. Mkoromo ulipanda, ukakwama, "pwa!", kisha kutoka mdomo uleule ikasikika sauti ya kike iliyojaa usingizi: "Sogea huko, Waya."

Kicheko kikakatika. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja mle ambaye hakuambiwa maneno hayo asubuhi ile, tena na sauti ileile. Hata daktari alichungulia mlangoni, glavu mikononi.

"Kumbe ni wewe?" Bibi alimshika mkono. "Hongera sana."

Mchana Bi Foleni alifika nyumbani na sare yake, akausukuma mlango wa chumba cha nyuma.

"Waya! Umenianika!"

"Walisemaje?" Waya aliuliza, macho yakimng'aa.

"Walisema nguruwe!"

"Waliupenda?"

Bi Foleni alitaka kumdanganya kwamba waliupenda wote, ila hasira ilimzidi. "Waliomba sauti iongezwe. Hicho cha mkoromo tu. Vingine vyote walivumilia."

Waya aliketi, mabega yakamshuka. "Nimekesha na mashine hizi kama punda, kumbe wanachotaka ni kile nilichokiokota kitandani."

"Tena bila kuniuliza!"

"Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikuuliza."

"Hiyo siyo samahani. Huo ni ushahidi."

Waya aliinamisha kichwa, akaomba radhi kama mtu mzima, na mbele ya macho yake akakifuta kipande cha nne kwenye albamu. Rekodi ya mkoromo wenyewe alimwachia pembeni, aamue yeye cha kuifanyia. Akabaki ameduwaa mbele ya kompyuta, mnyonge, shati limefungwa vifungo upande. Bi Foleni alivuta kiti, akavaa vile vidude vya masikioni, na kwa mara ya kwanza akasikiliza kazi ya mumewe mwanzo hadi mwisho.

"Mbaya," alisema. "Ila hicho cha feni nimekielewa. Feni imechoka. Hata mimi kazini huwa hivyo saa za mchana."

Waya alimwangalia kama siku ile alipomposa.

"Na changu kirudishe," Bi Foleni aliendelea. "Lakini turekodi upya, kwa ruhusa yangu, na jina langu liwe juu ya lako."

Jumapili mchana walifunga mapazia. Bi Foleni alijilaza, kinasa sauti kifuani, akajitahidi kulala kama mfanyakazi bora. Usingizi haukuja. Aligeuka huku, akageuka kule, akacheka peke yake. Waya, aliyekaa kando kusimamia mitambo, alikuwa ameshalala zamani, anakoroma kwa sauti nyembamba kama birika linalotafuta moto. Bi Foleni alimsogezea kinasa sauti mdomoni, akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa.

"Mkoromo huu hauna nguvu," alisema, akamfunika shuka.