Kitufe Chekundu na Kaburi la Mama

Nilimfuta mama yangu kwa kidole gumba.

Ilikuwa mchana, jua la saa nane limelala juu ya mabati, na mimi nimekaa barazani, simu ya watu mkononi, ukili wangu wa mkeka umelala miguuni. Nikabonyeza. Jina lake likabaki kidogo, kama mtu anayegeuka mlangoni kuaga, halafu likayeyuka. Ukurasa ukawa mweupe. Ningesema mweupe kama sanda, lakini sanda ina harufu ya kafuri, ina mikono ya watu iliyoikunja. Ule haukuwa na kitu.

"Umetuma?" akauliza jirani yangu, mwenye simu, macho yake kwenye karai la mihogo.

"Nimetuma."

"Hongera, shoga. Sasa mama yako yumo ndani ya serikali. Mwambie atuombee nyumba yenye choo cha ndani."

Tukacheka. Nakumbuka sana kile kicheko. Mafuta yanalia, mihogo inageuka rangi, na mimi moyo mwepesi kama mtu aliyetua mtungi.

Vita havikumgusa mama. Alikufa kabla, mwaka ule ufuta ulipozaa mpaka tukakosa vikapu. Tulimzika ukingoni mwa shamba, chini ya mkorosho, upande wa Quionga, huku kwetu Msumbiji. Kichwani tukaweka jiwe la matumbawe, na juu ya jiwe sahani yake ya maua ya buluu, aliyoipenda mpaka alikuwa hamruhusu mtu kuiosha. Waliposhuka wale wenye bunduki na mapanga, nilikimbia na kanga moja na mguu mmoja wa ndala. Nilipita pale mkoroshoni. Sikusimama, ila nilisema, "Mama, nitarudi." Nikalala porini, nikavuka mto, nikakaa kwa watu miaka. Niliporudi, nyumba ilikuwa majivu na majani. Kaburi lilikuwepo. Sahani ilikuwepo, imejaa maji ya mvua, na ndege mdogo anakunywa. Nikakaa kitako pale mpaka kivuli kikahama, na sijui kama nililala au nilikuwa macho, kwa sababu nilimwona mama anaikausha ile sahani kwa ncha ya kanga, taratibu, kama hana haraka ya siku yoyote.

Halafu ikaja barabara. Wakasema itapanuliwa mpaka mtoni Rovuma, na makaburi yaliyo njiani yatahamishwa kwa heshima: shehe atakuwepo, sanda mpya, makaburi mapya karibu na kijiji kipya. Mimi sikukataa. Nilitaka kitu kimoja tu, mama aandikwe, ahamishwe, nijue pa kwenda kumsomea.

Wapimaji walitangulia na ndoo za rangi nyekundu. Mti uliohesabiwa ulipigwa alama nyekundu. Nyumba iliyohesabiwa, nyekundu mlangoni. Ambaye hakupakwa alilia. Tulikuwa tunaulizana kisimani, "Mwenzangu, umepakwa?" na aliyepakwa anatingisha mabega kama bibi harusi. Kuna bibi mmoja aliwakimbilia wapimaji mpaka njia panda, wakarudi wakapaka banda lake la kuku. Ndivyo walivyotufundisha wenyewe: nyekundu ni umo. Nyekundu ni usiogope.

Zamu ya makaburi ilipofika, sekretario wa kijiji akaitisha mkutano. Akasema karatasi basi, sasa ni tovuti, na mwisho ni Ijumaa.

"Karatasi inaliwa na mchwa," akasema.

"Na hiyo internete inaliwa na nini?" mzee mmoja akauliza nyuma. Watu wakacheka.

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya swala, nikaenda kwa jirani yangu. Mimi nilisoma madarasa mawili. Herufi nazijua, lakini ukurasa wote ulikuwa Kireno, tena maandishi madogo kama mayai ya sisimizi.

"Simu unaishika kama kuku anayetaka kutoroka," akaniambia. "Ilegezee. Haya, jina la marehemu."

Nikamtajia. Akaandika. Ukurasa ukataka tarehe ya kufa. Nikasema, mwaka wa ufuta. Jirani akasema ukurasa haujui ufuta. Tukaacha wazi, ukakataa. Haukusema umekataa nini, ulifuta tu yote tuliyoandika tukaanza upya. Tukabahatisha tarehe. Mara tatu tulianza. Mara ya tatu mihogo ikaanza kunukia kuungua, naye akanisukumia simu.

"Imekubali, imebaki kubonyeza. Pale chini."

Pale chini palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kijivu hafifu, maneno yake hayaonekani juani. Kingine kikubwa, chekundu. Ningefanyaje? Mtu wa kwetu, aliyeusubiri wekundu ule tangu siku ya ndoo, angebonyeza nini?

Orodha ilisomwa wiki iliyofuata, uwanjani. Nilisikiliza majina ya wafu wa watu wote. La mama halikuja. Nikaenda ofisi ya hao wa barabara, kontena lenye feni. Alikuwepo mkuu wa usajili, na kijana aliyeitengeneza ile tovuti, amekaa na kompyuta yake.

"Mfumo unaonyesha umefuta mwenyewe," mkuu akasema.

"Nilibonyeza nyekundu."

"Ndiyo kufuta, mama," kijana akasema, kwa upole, Mungu ananiona sitamsingizia. "Nyekundu ni hatari. Dunia nzima wanajua."

"Dunia nzima ipi, mwanangu? Uliipima ikaishia wapi? Angalia mlango wa kontena lenu mlivyoupaka."

Akaangalia. Alama ilikuwepo, nyekundu, ya watu wao wenyewe. Akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Basi mrudishe," nikasema.

"Kikifutwa hakirudi. Na namba ya familia yako, moja kwa kila nyumba, imeshatumika."

"Kwa nini hakikuniuliza? Hata mwizi anasita dirishani. Kingeniuliza tu, kwa lugha ninayoijua, mama una hakika?"

"Tulipewa muda mfupi," akasema. Mkuu akamkatisha, akasema prazo, ule muda wa mwisho, imepita, mwingine aingie.

Mimi nasuka mikeka. Nikikosea ukili, nafumua ukindu, unyaya mmoja, wa pili, mpaka pale kosa lilipo, kisha naendelea. Simtupii mteja mkeka wote usoni. Na kabla ya kuushona namwita mwenye kuuagiza aukalie, nimtazame anavyokunja miguu, kwa maana mkeka ni wa atakayelala, si wangu mimi niliyeusuka. Yule kijana hakumwita hata mwanamke mmoja wa kijiji akae na ukurasa wake asubuhi moja, amtazame kidole kinakwenda wapi. Angeona. Mwanamke wa kwanza tu, angeona.

Greda lilipita siku ya tatu. Nilikimbilia mkoroshoni, mlinzi mwenye kofia ngumu akanizuia kwa mkono. Akatazama karatasi yake. "Jina halimo, kaburi halipo." Nikamwonyesha kwa kidole, lile pale, jiwe lile. Akatazama tena karatasi.

Sasa barabara ni laini. Magari yanapita kama ndoto, vumbi linasimama hewani muda mrefu. Natembea ukingoni nikitazama chini. Nimeokota kipande kimoja, cha ukubwa wa ukucha, ua la buluu nusu. Nakiweka chini ya mto. Mama anakuja, anakaa, mikono mitupu, anageuza viganja kama anayetafuta kitu cha kukausha.

Vita nimeviachia Mungu. Hili siliachii. Sekretario, wewe uliyekataa karatasi. Mkuu wa usajili, wewe uliyeona kosa ukasema mwingine aingie. Na wewe kijana, uliyeutazama mlango ukanyamaza. Msiniambie mfumo, mfumo sikuukuta ofisini, niliwakuta ninyi. Njooni nyote watatu, msimame barabarani pale mkorosho ulipokuwa, mniambie kwa mdomo wenu: udongo wa mama yangu mliumwaga wapi?