Bastola Si Upinde

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyowalaza watu wazima kifudifudi kwenye vumbi la Kiboko bila kumgusa hata mmoja wao. Usinione shujaa. Walilala kwa sababu yangu, hilo ni kweli, lakini hawakulala kwa heshima.

Siku hizo nilikuwa kijana wa kununua mbuzi. Niliwakusanya kutoka Mbooni mpaka Kitui na kuwashusha soko la Emali, na sitii chumvi nikikwambia kwamba hapakuwa na mbuzi Ukambani kote asiyelijua jina langu. Hata kondoo walinisalimia. Shida ilikuwa barabara. Mwenye mbuzi anataka pesa mkononi, kwa hiyo mnunuzi hutembea nazo, na wezi wa njiani walinifahamu kuliko hao mbuzi. Mara ya mwisho walinivua mpaka viatu, nikaingia Emali miguu mitupu kama mtu anayekwenda kubatizwa. Nikaona yatosha. Nikaomba leseni ya bastola.

Leseni ilikuja kama mvua yetu, baada ya kuombewa sana. Chifu aliniuliza maswali, polisi wakaniuliza yaleyale kwa sauti nyingine, na mwisho wakataka mtu mzima mwenye sifa njema aseme kwamba mimi si mlevi wala mtu wa hasira. Aliyesema ni Mjomba Mutiso, ndugu wa marehemu mama yangu, aliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu. Mjomba alikuwa mzee wa kanisa, na kabla ya kuwa mzee wa kanisa alikuwa mpiga upinde. Nasema mpiga upinde! Angeweza kumvua mbu miwani kwa mshale, na mbu akaendelea na safari yake. Mimi mwenyewe alinifundisha upinde nikiwa mdogo, na mpaka leo mabega yangu yanakumbuka.

"Kyalo," aliniambia, "nimeweka jina langu juu yako. Jina ni kibuyu. Kikipasuka kitashonwa, lakini maji yatajua mahali pa kupita."

Basi ikabaki sahihi moja tu, ya mkufunzi wa shabaha, kuthibitisha kwamba naweza kukishika chombo kile bila kuleta msiba. Bila sahihi hiyo bastola yangu mpya ingebaki kabatini kwa polisi, nami ningerudi barabarani na fimbo na maombi.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nyikani, mbali kidogo na barabara kuu ya Kiboko. Ulikuwa na tuta refu la udongo, mbao zenye picha ya mtu mbele yake, na huku nyuma mstari wa chokaa ambapo wapigaji husimama. Mkufunzi alikuwa Sajini Mwende, mama aliyestaafu polisi, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha lori mteremkoni. Tulikuwa wanafunzi wachache: mwenye kituo cha petroli, mwenye duka la hardware, daktari wa mifugo, na mimi. Mjomba alikuwa amekuja kushuhudia. Alivaa suti ya Jumapili na kofia yake ya kanisani, akaketi kwenye benchi nyuma yetu.

Asubuhi nzima Sajini alitufundisha. Alituonyesha jinsi risasi zinavyopangwa kwenye magazini, na jinsi magazini inavyoingia kwenye mpini. Akasema: "Sikilizeni vizuri. Hii si bunduki ya zamani ya kupakia moja moja. Ukipiga risasi, inatema ganda na kujipakia nyingine yenyewe, kabla hujapepesa macho. Mmeelewa?"

"Tumeelewa!" tukajibu. Na wa kwanza kujibu, kwa sauti kuliko wote, nilikuwa mimi. Mwanangu, mimi ni mhitimu wa ngumbaru. Nilisoma jioni baada ya soko, kwa taa ya koroboi, nikatoka na cheti na pua nyeusi. Mtu aliyeteswa na elimu namna hiyo hapendi kuonekana hajaelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa. Kichwa kilisikia kila neno. Ila mkono haukuwa darasani.

Zamu yangu ikafika. Nikaikamata ile bastola yangu, ambayo Sajini aliitoa kwa polisi kwa ajili ya somo, mpya, nyeusi, inanuka mafuta kama cherehani iliyotoka dukani. Sajini akasema, "Piga moja, kisha ungoje." Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa na Mjomba, nikabana kidole.

Paa!

Risasi ikaingia kifuani mwa yule mtu wa mbao, katikati kabisa, mahali angeweka kalamu kama angekuwa mwalimu.

Sasa hapo ndipo usikilize kwa makini. Kwetu mtu akipiga mshale ukaingia, upinde umekuwa kijiti. Hauna kitu. Anageuka kwa wenzake, anauinua juu, anaruka, anajisifu kidogo, maana kila mtu anajua hatari imeshakwenda na mshale. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na hivyo ndivyo mwili wangu ulivyofanya. Niligeuka mzima mzima, bastola mkononi, kidole palepale, nikapiga kelele, "Mjomba! Umeona?"

Watu wote wakaanguka. Mwenye petroli alitangulia, na alikuwa na tumbo la kuhitaji kushushwa kwa winchi, lakini siku hiyo alishuka kama jani. Daktari wa mifugo akajifukia nyuma ya kreti ya soda. Sajini naye chini.

Tuliobaki wima ni wawili, mimi na Mjomba. Mimi nacheka, yeye anacheka, ameinuka kutoka benchi na kunyoosha mikono yote miwili aje kunikumbatia. Alipowaona watu chini alisita kidogo, akavua kofia, akainamisha kichwa. Alidhani wameanza maombi ya shukrani.

"Kyalo." Sauti ya Sajini ilitoka pale chini, pole kabisa, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkali. "Toa kidole. Usiseme kitu. Rudisha mkono kule kwenye tuta. Polepole, mtoto wangu."

Nikafanya hivyo bila kujua kwa nini. Akainuka, akaichukua bastola mkononi mwangu, akaielekeza kwenye tuta, na bila kunitazama akapiga. Paa! Paa! Paa! Vumbi likaruka mara tatu.

Kofia ya Mjomba ikaanguka. "Asi!" akasema. "Kumbe ilikuwa bado?"

"Ilikuwa bado, mzee," Sajini akajibu huku akijipangusa magoti. "Na ilikuwa inakuangalia tumboni."

Mwanangu, nimewahi kufukuzwa na kifaru katika maisha yangu (haya, alikuwa nguruwe mwitu, lakini mkubwa), ila sijawahi kuogopa kama siku ile. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtu aliyenifunga kamba za viatu, aliyeweka jina lake juu yangu, nilikuwa nimebakiza unene wa kidole nimmalize kwa furaha. Si kwa chuki. Kwa furaha!

Sajini hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Kijana, mkono wako ni mzuri," alisema. "Lakini sitii sahihi. Nikitia sahihi leo, nitakuwa nimeandika tangazo la kifo, ila sijui cha nani." Kisha akamgeukia Mjomba. "Na wewe mzee, pole, lakini na wewe nitakukemea. Watu wote wanalala, wewe unaendea mdomo wa bunduki na mikono wazi?"

Mjomba akaokota kofia yake. "Mwaitu, nakubali," alisema, akimwita mama ingawa alimzidi umri. "Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ukishapiga, imeisha. Nilimfundisha ya upinde, nikadhani nimemfundisha ya silaha zote."

Tukarudi, tukaanza kupanda milima ya Mbooni. Hapo Mjomba akasema, "Katika ukoo wetu anayemwelekezea mtu mshale, hata kwa kucheza, hutoa mbuzi. Unajua?"

"Najua, Mjomba. Chagua yeyote umtakaye."

"Si wangu. Mimi nilikuwa mjinga mwenzako. Ni wa wale uliowalaza chini. Na nisikilize, Kyalo. Yule mama akitia sahihi na nikaona bado ni wewe wa leo, nitakwenda kwa polisi kwa miguu yangu, nitoe jina langu."

Mwanangu, sahihi niliitaka, lakini maneno hayo yaliniuma mahali ambapo leseni haifiki.

Jumamosi iliyofuata nilipeleka beberu Kiboko. Alikuwa mkubwa, hata tulipomshusha kwenye pickup, spring zake zilishukuru kwa sauti. Tukachoma, tukala, watu wakanicheka mpaka wakachoka. Mwenye petroli aliniambia tangu siku ile mgongo wake umepona na akauliza nitamlaza tena lini. Sajini alikula mbavu kwa utulivu, akanawa mikono.

"Asante kwa nyama," akasema. "Lakini nyama haijui kuandika. Njoo hapa mstarini."

Mjomba akasimama nyuma. Safari hii hakuvaa kofia.

Nikashika bastola. Nikapiga moja. Paa! Na unajua ilikwenda wapi? Mimi sijui mpaka leo. Haikugusa mtu wa mbao, haikugusa ubao wa jirani, labda ilikwenda zake Tsavo. Mwenye hardware akaangua kicheko. Kila kitu mwilini kilitaka kugeuka nijitetee, niseme ni upepo. Sikugeuka. Mkono ukabaki kwenye tuta, kidole nje.

"Imeisha?" Sajini akauliza.

"Sijui," nikasema. "Mpaka niangalie."

Nikatoa magazini. Nikavuta kifuniko cha juu nyuma, risasi iliyokuwa ndani ikaruka ikaanguka mchangani. Nikachungulia kwa jicho, nikahakikisha kwa kidole, kisha nikaiweka chini na kurudi nyuma.

Sajini akaomba kalamu. Mjomba akaja, akanikamata bega kwa mkono wake ule wa kuvuta upinde. "Siku ile uligonga katikati ukanitia hofu," akasema. "Leo umekosa, nami nitalala."

Basi mwanangu, hilo ndilo nililotaka ulishike. Kila chombo kina adabu yake, na adabu ya chombo cha baba yako si lazima iwe adabu ya chombo chako. Usione haya kuuliza mara ya pili, hata kama ulijibu "nimeelewa" kwa sauti kuliko wote. Kuuliza si ujinga. Mafunzo ya kichwa ni nusu, ngoja mpaka mkono nao uhitimu. Na usiogope sana siku ya kukosa. Ogopa siku ya kugonga katikati, maana furaha hugeuza shingo upesi kuliko hasira. Nawe ukimjibu mwenzako neno kali, usidhani umebaki mtupu na sasa unaweza kucheza. Neno jingine limeshapanda lenyewe mdomoni. Mke wangu ni shahidi. Hakuna kitu kinachoitwa kimeisha mpaka uwe umekiangalia.

Kama ungekuwa karibu ningekutemea mate kifuani kama wazee wetu wanavyobariki. Kwa kuwa karatasi haipitishi mate, pokea haya: mvua isikuruke shambani, ndengu zako zikomae kabla ya wadudu kuamka, Mungu akutangulie barabarani na akusindikize nyuma, na jina lako, yeyote atakayeliweka juu ya kichwa chake, limkae kama kivuli siku ya jua. Enda salama.