Asubuhi Niliyowatazama Ndege Wakila Mpunga wa Mama

Mwanangu, kile nilichokikuta kwenye mfuko wa shati lako nimekirudisha palepale. Sijamwambia mama yako. Kaa kwanza nikusimulie asubuhi moja kule kwetu Ahero, ambayo hata leo nikiikumbuka nasisimka na kuona haya kwa pamoja.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa amefariki, na shamba la mpunga lilibaki mikononi mwa Mama peke yake. Mpunga ukikaribia kuvunwa, sisi vijana ndio tuliofukuza ndege. Unasimama juu ya kichanja cha miti tangu alfajiri, unabandika tonge la tope kwenye ncha ya fimbo, unalirusha, unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Ndege hao, kwelea kwelea, hawana huruma. Kundi moja likitua, chakula chenu cha mwaka kimekwenda.

Jirani yetu Owino, kijana wa rika langu, alikuwa na mmea wa bangi nyuma ya choo chao. Nilipouona mara ya kwanza nilisimama kuutazama. Ulikuwa umenipita kimo, majani yake kama vidole vilivyonyooshwa, na maua yake yalitoa utomvu uliometameta na kunata mikononi. Hakuna aliyeupalilia. Owino akaniambia ukivuta, macho hayachoki, hakuna ndege atakayekupita. Nikamwamini, nikavuta alfajiri ile kabla ya kupanda kichanjani, maana mabega yaliniuma na nilitaka kumsaidia Mama.

Na Owino hakunidanganya, hilo ndilo la ajabu. Hakuna ndege aliyenipita. Walikuja kutoka upande wa ziwa, maelfu, wakageuka wote kwa pamoja angani, nami nikaona kila bawa na kila mdomo mwekundu. Nilisikia mabawa yao kama mvua inayoanza kwenye mabati. Machozi yalinitoka. Wakatua, masuke yakainama, na hata kule kuinama nikakuona kuzuri. Fimbo ilikuwa mkononi. Nilidhani nimetazama dakika mbili tu.

Jua lilikuwa limepanda Mama alipofika na uji wangu.

"Ochieng', unaangalia nini?"

"Naangalia ndege, Mama."

"Na mpunga wetu, nani anaangalia?"

Hakunipiga. Aliweka uji chini, akachukua fimbo, akaingia kwenye maji akaanza kurusha tope na kupiga kelele peke yake, na bega lake la kulia lilikuwa bovu miaka mingi. Mimi nilibaki nimeketi pale juu, nikimwona vizuri sana, nisiinuke. Aibu yangu iko hapo, mwanangu, kuliko kwenye mpunga wenyewe. Mwaka huo tulilishwa na shangazi yangu wa Sondu, na Mama hakuitaja siku ile tena mpaka anazikwa.

Juzi dada yako, kwa kuwa ni muuguzi, alinieleza kwamba kilichomo kwenye utomvu ule kinaitwa THC. Akasema kichwani mwetu ipo milango inayokipokea, kwa sababu mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachofanana nacho, kidogo kidogo, cha kupunguza maumivu na kuleta hamu ya kula. Nilishangaa mpaka chai ikapoa. Mmea unajiotea nyuma ya choo, kumbe unaijua njia ya kuingia akilini mwa mtu. Aliniambia pia kwamba wapo wagonjwa wanaotibiwa nacho chini ya macho ya daktari, lakini ubongo wa umri wako bado unajengwa, na si vizuri kuwavuruga mafundi wakiwa kazini.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba mmea ule ni takataka. Nakuambia una nguvu kukuzidi, uuheshimu na uuache. Uchovu usikupeleke huko, wala rafiki anayekuhakikishia, wala hata nia njema, kwa maana mimi nilipelekwa na nia njema. Kile cha mfukoni kitupe mwenyewe. Nikikitupa mimi, utatafuta kingine.

Mungu akujalie macho ya kulistaajabia kundi la ndege likigeuka angani. Na akujalie mkono ambao, hata ukistaajabu hivyo, utainua fimbo kabla mama yako hajafika.