Mchuzi wa Mama Clarice

Waveney alikuwa fundi cherehani wa kijiji cha Den Amstel, na kila Desemba hapumziki, maana hapa nyumba isiyo na mapazia mapya siku ya Krismasi watu huisema mpaka Pasaka. Mwanamke mpole, hana makuu. Lakini mwaka ule alikuwa na kisasi rohoni, na chanzo chake kilikuwa sufuria.

Si sufuria hivi hivi. Ndani yake mlikuwa na mchuzi mweusi wa mama yake, Mama Clarice, uliopikwa kwa maji ya muhogo mchungu yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama asali. Mchuzi ule hauishi. Unaongeza nyama, unaongeza pilipili, unauchemsha asubuhi na jioni, nao unakaa mwaka baada ya mwaka. Wa Mama Clarice ulikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mama alipougua akalala kitandani miaka tisa, Waveney ndiye aliyeuchemsha, hata akiwa na homa, hata mafuriko yalipoingia jikoni akasimama maji yakiwa magotini.

Mama akafa. Matanga hayajaisha, Ingrid, mke wa kaka yake Vibert, akaibeba sufuria.

"Krismasi sasa ni kwangu, wifi," alisema mbele ya watu. "Wewe huna mume, huna mtoto. Utamlisha nani?"

Na Vibert, bwege yule, akatazama viatu vyake.

Waveney alimeza hilo neno kwa miezi kumi, nalo likakataa kushuka. Alishona huku akimlaani Ingrid kila mshono.

Mchana wa mkesha wa Krismasi Ingrid akamwita aje kumtundikia mapazia. Waveney alikwenda mbio kama aliyeitwa harusini.

"Hilo la kushoto limepinda, wifi," Ingrid alisema akiwa amekaa kitini. "Au macho yameanza kuzeeka?"

"Macho mazima kabisa, wifi. Ngoja nikanywe maji."

Jikoni sufuria ilikuwa imeshachemshwa mapema badala ya jioni, inapoa, haitaguswa tena mpaka kesho. Pembeni palikuwa na wali wa maharage, mwiko umo ndani. Sasa, mtoto wa miaka mitatu wa kwetu anajua: kijiko kilichogusa chakula kingine hakiingii katika mchuzi ule, utachacha. Waveney akauchukua mwiko na wali wake, akauzamisha mchuzini mpaka chini, akakoroga mara tatu. Akausuuza, akaurudisha, akaenda kunyoosha pazia huku akiimba wimbo wa kanisani.

Asubuhi ya Krismasi ukoo mzima ulitoka kanisani ukajaa sebuleni kwa Ingrid, mkate wa kusuka mezani, moto bado. Kule barabarani wacheza ngoma za vinyago walishaanza filimbi zao. Ingrid akaleta sufuria, akafunua kifuniko kwa mbwembwe.

Povu! Na harufu, Mungu wangu, harufu ya kuchacha iliyowafanya watoto wazibe pua.

"Ingrid," aliuliza Mama Mdogo Doreen, dada wa marehemu, "umetupikia nini, soksi za Vibert?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Ingrid alisimama na kifuniko mkononi, machozi yakimlengalenga. Waveney akamtazama vizuri, kwa raha zake, akakata kipande cha mkate akala mkavu. Tangu mama afe hakuwahi kusikia ladha ya chakula kama siku ile.

Ingrid akapangusa macho. Akaibeba sufuria mpaka mtaroni, akaimimina yote. Waveney aliyekuwa amemfuata nje aishibe aibu yake akaona mchuzi ukienda na maji, mweusi, mzito, na bata wakiukimbia. Miaka thelathini na mmoja. Kile alichokitia mama kwa mkono wake, nyama ya kwanza, chumvi ya kwanza, kilikuwa humo hadi jana mchana. Mkate uliobaki mkononi akautupa.

"Msijali!" Ingrid aliwapigia kelele waliokuwa ndani. "Nitapika mpya. Kwani nini? Mchuzi tu!"

"Hata ule wa zamani ulikuwa mchungu kidogo," Vibert alisema, na watu wakaenda kushambulia keki.

Ingrid akaisugua sufuria bombani, nje na ndani, mpaka ikang'aa. Akamsogezea Waveney.

"Chukua cha mama yako, wifi. Mkosi huu siutaki ndani kwangu."

Ndicho alichokitaka miezi kumi mizima. Waveney akaipokea kwa mikono miwili, akaingiza uso ndani, akavuta pumzi kwa nguvu akitafuta mdalasini, karafuu, ganda la chungwa, chochote cha mama. Ilinuka sabuni tu.