Vitundu Alivyoviona Verediana

Dakta Florian alikuja Mapera kifua mbele, na mimi nikamchukia kabla hajashuka kwenye gari. Mradi wake ulikuwa umeipa shule yetu ndoo kumi na mbili za kuchuja maji. Ndani ya kila ndoo mlikuwa na utando wa plastiki wenye vitundu vidogo mno, ili maji yapite na vijidudu vya kuharisha vibaki. Vitu vizuri, sikatai. Ila hakuna aliyetuambia namna ya kuviosha, na sisi huku chombo tunakiosha kwa njia moja: jivu, mchanga na mkono wenye nguvu. Msichana anayeacha masizi kwenye sufuria husemwa mpaka kwa mama mkwe. Basi wasichana wetu wakazisugua zile tando kila Jumamosi mpaka zikang'aa.

Maji yakaanza kutoka kwa kasi, shule nzima ikafurahi. Aliyenuna ni Verediana Ndunguru peke yake.

Verediana ni mhudumu wa maabara. Aliishia darasa la saba, na huu ni mwaka wa ishirini na sita anaosha chupa zetu. Sisi walimu wenye digrii, nikiwemo mimi wa baiolojia, humkumbuka tukipoteza kitu. Lakini hadubini yetu moja, ile ya kuokota mwanga wa dirishani kwa kioo kidogo cha chini, ni yeye anayeiweza. Alichukua tando tatu, mmoja mpya, mmoja uliosuuzwa tu na mmoja uliosuguliwa, akazipaka rangi ya buluu, akazitazama siku tatu na kuchora kwenye daftari. Kwenye ule mpya vitundu vimekaa karibu karibu, saizi moja. Uliosuuzwa, vilevile. Uliosuguliwa una mikwaruzo mirefu iliyounganisha vitundu vitano, sita, vikawa mfereji. Wakati huo wanafunzi tisa walikuwa wanaharisha.

Siku ile Dakta Florian alipokuja kukagua ndoo zake, akamwekea daftari mezani. Yule bwana hakumwamkia, na kwa umri ni mama yake.

"Hiyo mikwaruzo ni ya wembe wako, mama. Umekata vibaya."

"Sikukata, baba. Nimeuweka mzima. Tazama pale katikati."

Mkuu wa shule alikuwa anaangalia, kwa hiyo ikabidi ainame. Akaivuta hadubini upande wake ili tai isiguse rangi, akafumba jicho moja.

"Naona," akasema. "Vitundu viko sawa kabisa. Vizuri sana."

Alikuwa anaona giza. Alipoivuta, kioo kiligeukia ukuta. Nilisimama kando yake nikakiona. Mpumbavu yule, anasifia giza! Verediana akanitazama mimi. Florian tumwache, hakujua. Mimi nilijua, na mradi wake ulikuwa umeniahidi semina Dodoma. Nikakohoa, nikaandika kwenye ripoti ya mradi: "Imehakikiwa kwa hadubini."

Verediana hakugomba. Aliwakataza wasichana kusugua, lakini tando zilikuwa zimeshachanika na hatukuwa na nyingine za kutosha. Kesho yake akawasha moto jikoni, akachemsha maji ya wanafunzi wote kabla ya kuyamimina kwenye zile ndoo. Akafanya hivyo kila siku, kuni akibeba mwenyewe. Baada ya wiki mbili hakukuwa na anayeharisha.

Dakta Florian akarudi kutafuta wagonjwa, asipate hata mmoja. Akapiga picha amekumbatia ndoo, anacheka meno yote nje. Sikumwambia habari ya moto.

Mwezi uliopita lori lilipita hapa likishuka Kingerikiti na ndoo mia tatu za aina ileile. Dereva alisema wanazigawa kwa sababu ya matokeo ya Mapera. Verediana alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, macho mekundu kwa moshi.

"Mwalimu," akaniuliza, "huko nani atawachemshia?"

Nikamwambia nina kipindi.