Shanga Sita za Mwisho

Kabla ya kuingia maabara ya chuo, Bi Sindano alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa. Daktari, mwalimu wa fizikia aliyelingana na bintiye kwa umri, alimchukua kwa sababu ya vidole vyake. Kazi ya Bi Sindano ilikuwa kutunga shanga za sumaku, ndogo kama punje za mahindi, kila moja ikiwa na doa jekundu upande mmoja. Uzi uliotungwa kwa mpangilio sahihi ukiwekwa kwenye sinia linalotikiswa na mota, shanga huvutana na kusukumana zenyewe mpaka uzi ujikunje kuwa ua la petali sita.

Asubuhi hiyo ua liligoma. Petali tano zilifunga. Ya sita ikabaki imeachama. Saa nne mkuu wa chuo angekuja kuamua kama kazi ya Bi Sindano ibaki au ifutwe, na saa tatu na nusu ilikuwa imeshapita.

"Mama, labda ni mota," Daktari alisema.

"Si mota. Ni mimi."

Alikuwa amekumbuka. Ili ajue pa kupaka doa, huisogeza shanga kwenye sindano yake ya siku zote, ile anayoichomeka kolani kifundi, ambayo nayo imeshakuwa sumaku kwa kukaa na shanga. Upande unaokimbilia ncha ndio anaoupaka. Jana sindano ilimponyoka ikaangukia bakuli la shanga. Aliing'oa akaendelea, bila kuwaza kwamba sumaku zimekwisha kuigeuza ncha, sasa inavuta upande wa pili. Shanga alizopima baada ya hapo zilikuwa sita.

Daktari alimtania kwamba amesalitiwa na shoga yake wa miaka yote. Bi Sindano hakucheka. Alikata uzi, akazipindua zile sita mojamoja, safari hii akizipima kwa shanga ya kwanza ya uzi, aliyoipaka kabla sindano haijaanguka. Viatu vya mkuu vilisikika koridoni wakati Bi Sindano anakaza fundo.

Mota ikaanza kunguruma. Uzi ulifurukuta, ukajipinda, ukajifungua, ukajipinda tena. Petali tano. Ya sita ikasogea, ikarudi nyuma. Bi Sindano alishika ukingo wa meza. Kisha ta, ikafunga.

Mkuu aliuliza nani analipanga ua. Daktari akamjibu kwamba linajipanga lenyewe, ila mtungaji akikosea hata shanga chache, halijipangi.

Mkuu aliliinamia sinia, kisha akamgeukia Bi Sindano.

"Mama, muhula ujao unaweza kuwafundisha wanafunzi kutunga hivi?"

"Naweza," alisema, akiichomoa sindano kolani. "Ila sindano zao nitazikagua mwenyewe."