Mwalimu Aliyekataa Kilio

Juma hili tumemzika mama mmoja wa mtaa wa Songo, hapa Uvira, mwalimu wa Kiingereza. Kama mlipita nyuma ya nyumba yake jioni, mlisikia watu wazima wakirudia sentensi kwa sauti kama watoto. Nami nilikuwa mmoja wao, tena mwenye kichwa kigumu. Kosa letu sote lilikuwa lile lile: tulianza sentensi jana tukaimalizia kesho. "Weye, rudilia! Muntu hawezi kuwa mu siku mbili," mama alifoka. Wala hakumwachia mtu mlango kabla hajasema, kwa Kiingereza safi, anakwenda wapi na atarudi lini. Ndivyo tulivyoagana naye kila jioni.

Kisha mume wake akapanda pikipiki kwenda Luvungi kununua mpunga, na hakurudi. Barabara ile mnaijua, na wangapi imewameza. Majirani walipokuja na mikeka kukaa kilio, mama aliwazuia mlangoni. "Kilio ya nani? Minye sina maiti." Jumatatu akafundisha kama kawaida, na mfano aliotuandikia ubaoni ulisema kwamba mume wake alienda Luvungi na anarudi jioni. Hakuna aliyenyoosha mkono kumsahihisha. Mfano ule haukufutwa mpaka mama alipougua, na sisi tukauzoea. Kuzoea kule kunanitisha kuliko kifo chenyewe.

Makaburini mchungaji alinong'ona akiuliza kama amwite mjane. Kisha mwenyewe akaamua kusema "mama yetu".

Tulipotoka, mwenzetu mmoja wa darasa, mwendesha pikipiki, aliniaga kwa Kiingereza kwa heshima ya marehemu. Alichosema ni kwamba kesho alienda Luvungi. Nikamshika mkono.

"Rudilia."

"Papa, iko nini? Mwalimu alishakufa."

"Rudilia, na useme utarudi lini."

Akacheka, akarekebisha: kesho ataenda. La kurudi hakulifikia, kwa kuwa abiria alikuwa akimwita naye akawasha pikipiki.

Kesho hiyo ndiyo leo. Giza limeingia, na pikipiki yake sijaisikia ikipita hapa kwangu. Huenda amelala Katogota, karibu na Luvungi, kwa ndugu zake. Nataka kuamini hivyo. Wasomaji wangu, anayetoka kwenu asubuhi msimfungulie mlango kabla hajasema lini anarudi. Na mkimsikia mtu akichanganya jana na kesho, msikimbilie kumsahihisha. Muulizeni kwanza nani kwao hajafika.